Kabla ya Kuuza Trekta, Pimeni Sili



Atembeaye katika Uganda, akapita penye mashamba ya shule, ya misheni na ya vyama vya wakulima, hakosi kuona trekta kuukuu limesimama chini ya mti, magurudumu yamezama katika majani, na kuku wamejipatia mahali pa kutagia. Akiuliza limekufa kwa ugonjwa gani, mara nyingi hujibiwa, “Lilikuwa likivuja oili, na spea zake hazipatikani tena.” Kisha mwenye kujibu hutikisa kichwa, kana kwamba amesema neno lisilo na jibu.

Nia yangu ni kulijibu neno hilo. Nasema ya kwamba spea nyingi zisemwazo hazipatikani zapatikana, ila watafutaji huzitafuta kwa jina la trekta badala ya kuzitafuta kwa kipimo. Tena nasema ya kwamba shamba lisiloandika vipimo vya mashine yake katika daftari halijapata haki ya kuiita mashine hiyo mzoga. Jambo hili latuhusu sisi wenyewe, kwa maana hivi sasa wako wanaoshauri kwamba trekta la shamba letu liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu sili ya nyuma ya injini yake inavuja.

Wanafunzi wengine husema, “Trekta ni shauri la wakubwa.” Sivyo. Trekta hilo ndilo lilimalo shamba la mahindi na maharage, na mahindi hayo ndiyo posho tunayokula mchana na usiku. Mvua za kwanza hunyesha tangu mwezi wa Machi, wala hazimngoji mtu. Likiuzwa, shule itakodi trekta la watu, ambalo huja wakati mwenyewe amekwisha kulima kwake, au itanunua posho sokoni. Pesa hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika ada, na ada zatoka katika kahawa, ng’ombe na jasho la wazazi wetu. Basi mpira mdogo ulio nyuma ya injini umefika mpaka nyumbani kwa mama.

Kwanza tuelewe sili ni kitu gani. Ndani ya injini iko shafti kuu, ambayo mafundi huiita krenki. Shafti hiyo huzunguka ndani ya oili, lakini ncha zake mbili hutokea nje: ya mbele ili kuzungusha mkanda, na ya nyuma ili kushika flaiwili na klachi. Mahali shafti inapotokea, oili nayo ingependa kutoka. Sili ndiyo mlinzi wa mlango huo: huiacha shafti izunguke, na oili huizuia. Sili ikichoka, oili hutiririka. Ikiwa ni ya mbele, huchafua tu mbele ya injini. Ikiwa ni ya nyuma, hulowesha klachi, na klachi iliyolowa huteleza, hata trekta linaunguruma na plau halisogei.

Sasa tuje kwenye jina. Trekta letu ni Massey Ferguson 35, aina iliyoenea sana katika Afrika ya Mashariki. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, mpaka mwaka 1964. Mtu akienda dukani na kusema, “Nataka sili ya injini ya Massey 35 ya dizeli,” hudhani amesema yote. Kumbe hajasema hata nusu. Matrekta ya dizeli ya jina hilo ya miaka ya mwanzo yalikuwa na injini ya kampuni ya Standard, yenye silinda nne, iitwayo 23C. Tangu mwisho wa mwaka 1959 yakatiwa injini ya Perkins, yenye silinda tatu, iitwayo A3.152. Hesabu hiyo ina maana: 3 ni idadi ya silinda, na 152 ni ujazo wake katika inchi za ujazo, yaani karibu lita 2.5. Hizi ni injini mbili za watengenezaji wawili, nazo hazishirikiani sili, ingawa boneti ni moja na rangi ni moja.

Hata katika ukoo wa Perkins wa silinda tatu, sili ya nyuma haikuwa ya namna moja siku zote. Injini za zamani zilitiwa sili ya kamba: kamba nene yenye grafiti, iliyokatwa vipande viwili, kila kipande kikakaa katika mfereji wa nusu ya nyumba ya sili. Injini za baadaye zilitiwa sili ya mdomo, yaani pete nzima ya mpira yenye ulimi mwembamba unaobana shafti. Aliye na nyumba ya kamba hawezi kuweka pete ya mpira hivi hivi tu. Zaidi ya hayo, trekta lenye miaka sitini huenda limekwisha kubadilishiwa injini, mara moja au mara mbili. Basi jina lililo juu ya boneti ni kama kanzu ya kuazima: halikuambii aliye ndani. Namba ya kuaminiwa ni ile iliyopigwa katika chuma cha injini yenyewe.

Yaliyotupata sisi mwaka jana ni ushahidi. Msimamizi wa shamba alitumwa mjini kununua sili. Akaingia katika duka moja, akataja jina la trekta, akapewa sili mpya katika karatasi safi, akalipa, akarudi. Ndipo fundi akaanza kazi. Sili ya nyuma haifikiwi kwa mkono: sharti trekta lipasuliwe katikati, injini itengwe na giaboksi, klachi iondolewe, flaiwili ifunguliwe. Siku mbili zilipita katika kazi hiyo. Nyumba ya sili ilipofunguliwa, ikaonekana kwamba ni ya vipande viwili, ya kamba, na sili iliyonunuliwa ni pete ya mpira. Fundi akapaka gundi juu ya kamba ile ile iliyochoka, akafunga. Juma moja halikupita, oili ikarudi chini kama desturi yake. Tangu siku hiyo watu wakaanza kusema, “Spea za trekta hili hazipatikani tena.”

Mimi simlaumu sana mwenye duka kwamba alidanganya. Aliulizwa kwa jina, naye akajibu kwa jina. Lakini yampasa muuza spea amwulize mnunuzi swali moja: “Injini namba gani, na sili ya zamani iko wapi?” Asiyeuliza swali hilo anauza bahati nasibu.

Je, kipimo hutafutwaje? Sili ya mdomo ina vipimo vitatu. Cha kwanza ni unene wa shafti inayopita ndani yake. Cha pili ni upana wa tundu inamokaa. Cha tatu ni kina cha sili yenyewe. Mara nyingi hesabu hizo zimepigwa ubavuni mwa sili, kwa mfano 50-70-10, maana yake shafti ya milimita 50, tundu la milimita 70, na kina cha milimita 10. Muuza sili mwenye vipimo hivyo mkononi hana haja ya kujua kama ni ya trekta, ya lori au ya pampu ya maji. Sili haijui ukoo, hujua ukubwa tu. Ndiyo sababu pengine ile isiyopatikana katika duka la matrekta hupatikana katika duka la sili za mashine za kiwandani, mtaa wa pili.

Hapa yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mashine nyingi za zamani za Kiingereza zilipimwa kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo shafti ya inchi mbili ni milimita 50.8. Akileta mtu sili ya 50 kwa kudhani zimekaribiana, itabana kupita kiasi, nao ulimi wake utalika upesi. La pili, usipime sili peke yake ikiwa imekwisha kulika na kutanuka. Pima shafti na tundu, maana chuma husema kweli kuliko mpira uliozeeka.

Baada ya ukubwa huja namna ya mpira. Mpira wa kawaida wa sili huitwa nitrili. Hauharibiwi na oili, na hustahimili joto la nyuzi 100 hivi. Uko mwingine, uitwao Viton, wenye bei kubwa zaidi, ambao hustahimili hata nyuzi 200 hivi. Mpira wa bomba la baisikeli si mmojawapo wa hizo. Nimesikia watu wakiusifu kwamba waweza kukatwa ukawa sili. Oili huufanya uvimbe na kulegea kama ugali uliotiwa maji. Pesa iliyookolewa hivyo hulipwa mara mbili, kwa sababu trekta litapasuliwa tena.

Kwa sili ya kamba shauri ni jingine. Kamba huuzwa pamoja na namba ya injini yake. Hubonyezwa taratibu katika mfereji, na ncha zake huachwa zizidi uso wa chuma kidogo mno, chini ya milimita moja, ili vipande viwili vikikutana vikabane. Tena lipo neno la hatari ambalo lazima nilitaje: kamba nyingi za zamani zilikuwa na asbesto ndani yake, na vumbi la asbesto huharibu mapafu. Basi kamba ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isipulizwe kwa upepo. Iloweshwe, itolewe, ifungwe katika mfuko, isichezewe na watoto.

Tena kabla ya kuihukumu sili, ni haki kuwasikiliza mashahidi wengine. Kila injini ina tundu la kupumulia. Tundu hilo likizibwa na tope, pumzi ya ndani hukosa njia, nayo huisukuma oili ipite hata katika sili nzuri. Pengine oili hutoka juu, penye gaskiti ya kifuniko cha valvu, ikatelemka nyuma ya injini, na watu wakasema ni sili. Pengine si oili ya injini kabisa, bali ni ya giaboksi. Iliyotoka katika injini ya dizeli kwa kawaida ni nyeusi kama wino, na ya giaboksi huwa nyeupe kidogo kuliko hiyo. Kitambaa kisafi na nusu saa ya kutazama vyaweza kuokoa siku mbili za kupasua trekta. Na sili ikitolewa, shafti nayo iguswe kwa kucha: mdomo wa sili ukiwa umechimba mfereji katika chuma, sili mpya nayo itavuja, mpaka fundi aivike shafti bushi nyembamba au aikalishe sili mahali pengine kidogo, mdomo usiguse mfereji ule.

Sasa nisikilize upande wa pili. Wako wasemao, “Mambo ya kale yamepita. Kiwanda kilichotengeneza trekta hilo hakipo. Spea zitoke wapi?” Ni kweli kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, kilichoanza kutengeneza matrekta ya Ferguson mwaka 1946, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kazi haikufa pamoja na jengo. Tangu miaka ya 1960 matrekta ya ukoo wa Massey Ferguson yametengenezwa pia India, katika viwanda vya TAFE vya Chennai, na Pakistan, katika kiwanda cha Millat mjini Lahore. Injini za ukoo wa Perkins wa silinda tatu ziliendelea kutengenezwa huko miaka mingi baada ya trekta letu kuachwa kutengenezwa Uingereza. Kwa hiyo sili zake hufanywa hata leo, husafiri kwa meli mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa hupanda barabara mpaka Kampala. Mwenye injini ya Standard 23C kazi yake ni ngumu zaidi, wala sitamdanganya. Lakini yeye ndiye hasa mwenye haja ya kipimo, kwa kuwa jina halitamsaidia kabisa.

Wengine husema, “Mambo haya ni madogo, taifa huendeshwa kwa mipango mikubwa.” Hao nawakumbusha habari za jirani zetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo. Pesa zilikuwako, na matrekta yaliletwa kwa mamia, mengi yakiwa makuukuu yaliyobaki baada ya vita. Lakini mafundi walikuwa wachache na spea zilikuwa haba, na mashine nyingi zikasimama. Mvua na udongo navyo vilikuwa na lawama yao. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Ukubwa wa mpango haukuweza kufanya kazi ya kipuri kidogo.

Na kwetu Uganda, mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka mengi ya spea yakafungwa au yakaingia mikononi mwa watu wasioijua kazi ile. Makarani wa maduka yale walikuwa na namba za spea vichwani mwao, na vichwa vyao viliondoka pamoja nao. Tungalikuwa na namba hizo katika madaftari yetu, tungalipoteza maduka tu, tusingalipoteza na maarifa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Wako pia wenzangu wasemao kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Sita hakuja shuleni kushika oili. Nawauliza, ile kalipa ya verniya iliyo katika kabati la maabara ni ya nini? Kila mwaka twapima nayo gololi na waya, tukaandika jibu katika karatasi ya mtihani, tukapata alama, tukairudisha kabatini. Kalipa ile ile ipimayo gololi ndiyo ipimayo sili. Hatua mia moja kutoka maabara mpaka banda la trekta hazikanyagwi na mtu, na kwa sababu hiyo tunajua kupima vitu visivyo na kazi, na vyenye kazi hatuvipimi. Elimu ya namna hiyo ni nusu ya elimu.

Sisemi kwamba kila trekta kuukuu liokolewe. Kama chuma cha injini kimepasuka, au krenki imelika hata haiwezi kuchongwa tena, au gharama ya yote yatakiwayo imepita bei ya trekta jingine zima, basi liuzwe, na fedha zake zifanye kazi nyingine. Mzee akifa kwa ugonjwa wa moyo tutamzika kwa heshima. Lakini asizikwe kwa mafua. La kwetu huwaka asubuhi kwa mara ya kwanza, halitoi moshi wa ajabu, na nguvu zake zatosha plau. Ugonjwa wake ni kamba ambayo bei yake haifiki bei ya mbuzi mmoja.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, nayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza, iwekwe daftari ya trekta, na nakala yake ikae ofisini. Humo iandikwe namba ya injini, aina ya kila sili, vipimo vyake vitatu, iwe kwa inchi au kwa milimita, na tarehe iliyofungwa. Kila sili ya zamani itolewayo isitupwe. Itundikwe msumarini pamoja na kibao chenye jina lake.

La pili, darasa la fizikia lipewe kazi ya kupima mara trekta lifunguliwapo, na wanafunzi wawili watie sahihi daftarini. Mmoja apime, mwingine apime tena bila kuona hesabu ya mwenzake. Zikilingana, ndipo mtu atumwe mjini.

La tatu lawahusu ninyi kaka zetu mliotangulia, mlio Kampala, Jinja, Nairobi na Mombasa. Wengi wenu hutuandikia mkiuliza, “Tuisaidie shule kwa kitu gani?” Hatuombi trekta jipya. Tutawaletea karatasi moja yenye namba ya injini na picha ya nyumba ya sili. Mmoja wenu apite Kisekka au Katwe katika saa yake ya mapumziko, aonyeshe karatasi hiyo, asikubali kupewa kitu kwa jina tu. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, nayo itatulisha mwaka mzima.

Mkutano wa kamati ya shamba utakaoamua habari ya kuuza u karibu, na mvua zi karibu kuliko mkutano. Nawaomba wazee wa kamati, kwa heshima yote, waahirishe neno la kuuza kwa majuma mawili tu. Katika majuma hayo tufungue, tupime, tuandike, na kutafuta. Tukikosa, sitasema neno la pili, na wenye mizani ya vyuma chakavu na waje.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita.